Rangi Isiyopakwa: Uanodishaji wa Vipuri vya Baiskeli

Mtu aionapo baiskeli ya milimani yenye vitovu vya magurudumu vya zambarau inayometameta, aghalabu husema kwamba vipuri hivyo vimepakwa rangi. Usemi huo una kasoro. Rangi ya kupakwa hukaa juu ya kitu na hubanduka kigongwapo. Hii imo ndani ya ngozi ambayo alumini yenyewe imeiotesha. Kiswahili kina vitenzi vya kuzitenga hali hizo mbili, yaani kupaka na kutia, ila nomino rangi huzifunika zote, na hapo ndipo utata unapoanzia. Msusi wa mikeka wa pwani hasemi kwamba ameupaka ukindu rangi. Huutia rangi kwa kuuchemsha hadi rangi ikolee ndani. Kazi ya alumini inakaribiana na hiyo.

Alumini ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando wa oksidi wa nanomita chache tu. Uanodishaji, neno litokanalo na anodi, yaani ncha chanya ya umeme, huunenepesha utando huo kwa makusudi. Mbinu hii ilianza kutumiwa viwandani Uingereza mwaka wa 1923 ili kuzikinga sehemu za ndege zitulizo majini zisiliwe na chumvi. Njia ya asidi ya salfuriki, ambayo ndiyo imeenea zaidi, ilipata hataza mwaka wa 1927.

Kipuri huondolewa kwanza vyuma vyote vilivyoshikamana nacho, maana asidi huvila. Husafishwa mafuta, na kama kina oksidi ya zamani, huvuliwa kwa kostiki soda. Kisha hutundikwa ndani ya asidi iliyozimuliwa kwa maji, kikafungwa kwenye ncha chanya, na umeme wa mkondo mnyoofu wa takriban volti 12 hadi 20 ukapitishwa. Oksidi humea ikiwa na vitundu vidogo visivyohesabika, mithili ya sega la nyuki. Kikichovywa katika maji ya rangi, rangi huzama vitunduni humo. Mwishowe hutiwa katika maji yanayokaribia kuchemka ili oksidi ifure na vitundu vizibe. Hatua hii ikirukwa, rangi huchujuka upesi. Utando wa mapambo huwa na unene wa mikroni 5 hadi 25 hivi.

Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zambarau ilikuwa fahari ya waendesha baiskeli za milimani. Hadi leo wapo wapelekao vipuri vyao karakanani ili vyote vilingane rangi. Kulingana huko si rahisi. Aloi ya 6061 hupokea rangi vyema, ilhali vipuri vya kumiminwa kalibuni, vyenye silikoni nyingi, hutoka na ukijivu au mabaka. Vipuri vya viwanda viwili, hata vikichovywa beseni moja, huweza kutoka ndugu wala si pacha.

La kutiliwa maanani zaidi ni uimara. Kila oksidi ya zamani inapovuliwa, metali kiasi hupotea pamoja nayo, hivyo hesi na mikao ya beringi huweza kulegea. Isitoshe, oksidi ni ngumu lakini haipindiki. Mhandisi Jobst Brandt, mwandishi wa The Bicycle Wheel (1981), alishikilia kwamba ringi zenye utando mnene wa oksidi huatuka kwa urahisi kuliko zisizo nao, kwa kuwa ufa huanzia katika utando na kupenya hadi kwenye metali. Kwa hiyo vifuniko na vibano vidogo ndivyo vya kuanza navyo. Usukani, unaobeba uzito wa mwendeshaji mtelemkoni, ni heri uachwe na rangi yake ya kiwandani. Ringi za breki za kubana nazo hazina haja ya pambo hili ubavuni, kwani mpira wa breki huikwangua rangi siku baada ya siku hadi weupe wa alumini ukajitokeza.