Abiria Gerezani, Dalali Mtaani

Kila lori la wahamiaji haramu linapokamatwa Tanzania, macho yetu huenda kwa abiria. Vijana wa Ethiopia hukalishwa chini kwa safu, hupigwa picha, kisha hufikishwa mahakamani kwa kuingia nchini bila kibali. Wengi hutoka kusini mwa nchi yao, hasa Hadiya na Kembata, na safari yao ni ya Afrika Kusini: huvuka Moyale hadi Kenya, huingia kwetu kwa njia za panya za Kilimanjaro na Tanga, kisha huelekea Mbeya. Tanzania kwao ni njia tu, kwa hiyo hofu kwamba wanatunyang'anya ajira haina msingi. Hasara yetu kubwa inatokana na biashara ya kuwasafirisha, na adhabu tunayoitoa mara nyingi haiifikii biashara hiyo.

Tuanze na fedha. Asiyeweza kulipa faini hufungwa. Gereza humlisha na kumtibu, mahakama humtafutia mkalimani, na akimaliza kifungo bado nauli ya kumrudisha kwao hutafutwa, mara nyingi kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Januari 2021, Rais wa Ethiopia wakati huo, Sahle-Work Zewde, alipozuru Chato, Rais Magufuli alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789. Mlipa kodi wa Tanzania ndiye aliyekuwa akiwatunza. Dalali alikuwa ameshapokea chake zamani, maana ndugu huuza mifugo au kukopa ili safari ianze. Fedha hiyo hailipiwi kodi popote. Hugawanywa kwa bodaboda wanaovusha, wenye nyumba wanaoficha, madereva, na baadhi ya askari wanaofumba macho. Kijana wa kijiji cha mpakani akiona usiku mmoja wa kuvusha watu unamlipa kuliko msimu mzima wa mahindi, ataliacha jembe. Na kizuizi kilichozoea kupitisha watu kwa rushwa hakitashindwa kupitisha silaha na dawa za kulevya.

Gharama nyingine haihesabiki kwa shilingi. Juni 2012, katika kijiji cha Chitego, wilayani Kongwa, ilikutwa miili ya Waethiopia zaidi ya 40 iliyotupwa porini baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, huko Tete nchini Msumbiji, kontena lilifunguliwa likiwa na maiti 64. Watu 14 walikuwa hai katikati yao. Ukaguzi unapokazwa barabarani huku mtandao wa wasafirishaji ukibaki mzima, msafirishaji haachi kazi. Huwaficha watu ndani zaidi, huwabana zaidi, na hewa hupungua.

Wapo wanaosema kuwa kuwaonea huruma ni kuwaalika wengine, na kwamba nchi lazima ilinde mipaka yake. Kulinda mipaka ni wajibu, na anayeingia kinyume cha sheria anastahili kuondolewa. Lakini kifungo hakijawatisha wanaobaki nyuma, kwa sababu anayewashawishi huko Hosaena, Hadiya, hawaambii habari za magereza ya Tanzania. Huwaonyesha nyumba iliyojengwa kwa fedha za jirani aliyefika Johannesburg. Kinachoweza kuwatisha wafanyabiashara hawa ni hasara: lori kutaifishwa, miamala ya simu kufuatiliwa hadi kwa mpokeaji wa mwisho, na mtumishi wa umma aliyekula rushwa kufikishwa kizimbani pamoja na dereva.

Kwa hiyo abiria achukuliwe maelezo kwa lugha anayoielewa, kisha arudishwe kwao haraka. Yeye ndiye anayejua nyumba aliyolala, namba ya simu iliyompokea na sura ya aliyechukua fedha. Tukimfungia gerezani bila kumhoji ipasavyo, tunagharamia kumnyamazisha shahidi wetu mkuu.