Choo Cheusi Kama Lami ni Damu

Mama mmoja wa kikundi aliniambia, "Mume wangu hatoki damu, choo chake ni cheusi tu." Alikuwa amekaa hivyo siku tatu, huku akinunua dukani vidonge vya maumivu ya mgongo. Siku ya nne alianguka akienda msalani. Tulimkimbiza na pikapu ya maziwa, akaongezewa damu, akapona. Lakini ilikuwa karibu sana.

Ndugu zangu, damu inayovuja tumboni ikishuka kupitia matumbo hubadilika. Inatoka nyeusi, inanata kama lami, na harufu yake hutaisahau. Ikitapikwa inaweza kuwa nyekundu au kama machicha ya kahawa. Damu nyekundu chooni mara nyingi hutoka chini, kama kwa bawasiri, lakini ikiwa nyingi nayo ni hatari. (Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama wajawazito pia huleta choo cheusi, ila hakinati wala hakinuki vile.)

Mara nyingi chanzo ni vidonda vya tumbo. Hivi huletwa na bakteria wanaoishi tumboni, au na dawa kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, zile zile tunazomeza kama peremende baada ya kulima. Wengine ini limeharibiwa na pombe, au na kichocho cha miaka mingi, hasa kando ya ziwa na kwenye mashamba ya mpunga. Hapo mishipa kwenye njia ya chakula hufura na kupasuka.

Sasa mgonjwa yuko mbele yako. Je, anasikia kizunguzungu akisimama? Mikono ni baridi, ina jasho? Hesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakipita 100 hali amepumzika, huenda amepoteza damu nyingi. Lakini hata bila dalili hizo, choo cha lami ni safari ya hospitali leo, si kesho.

Mlaze, uinue miguu. Akitapika, alale kwa ubavu. Usimpe chakula, maziwa, mitishamba wala kidonge kingine. Hospitalini huenda wakapitisha mpira wenye kamera mdomoni watazame kidonda, na tumbo likijaa hawaoni. Bebeni dawa zote alizokuwa akimeza, hata karatasi zake. Watu wawili watatu wenye afya waandamane naye, tayari kutoa damu.

Katika mkutano ujao, amueni ni mwenye gari yupi ataamshwa usiku, na pesa za mafuta zitatoka wapi.