Kutoka Kigali hadi Campbelltown: Jinsi mataifa makubwa yalivyoafikiana kuhusu gesi za majokofu

Mwezi wa Januari ni kilele cha kiangazi nchini Australia. Katika mji wa Campbelltown, yapata kilomita 50 kusini magharibi mwa katikati ya jiji la Sydney, upepo wa bahari huchelewa kufika, na siku nyingine haufiki kabisa. Tarehe 4 Januari 2020, Penrith, eneo jingine la magharibi ya Sydney, lilifikia nyuzi joto 48.9 za Selsiasi. Katika siku ya namna hiyo kiyoyozi si anasa. Kwa mzee, mgonjwa au mtoto mchanga, ni kinga ya uhai.

Hata hivyo, kifaa hicho kinachopoza chumba kinaweza kuipasha dunia joto. Sababu ni gesi inayozunguka ndani ya mabomba yake, na hatima ya gesi hiyo iliamuliwa mbali na Australia, katika mji mkuu wa Rwanda, Kigali.

Gesi hizo zilitoka wapi?

Zamani majokofu na viyoyozi vilitumia gesi za klorofluorokaboni, CFC. Wanasayansi walipobaini kuwa zinalitoboa tabaka la ozoni linaloukinga uso wa dunia dhidi ya miale hatari ya jua, mataifa yalikutana Canada na kutia saini Itifaki ya Montreal tarehe 16 Septemba 1987. Kwa Australia, nchi yenye viwango vya juu mno vya saratani ya ngozi, suala hilo halikuwa la nadharia.

Viwanda vikageukia gesi nyingine, zijulikanazo kwa kifupi HFC. Hizi haziliharibu tabaka la ozoni, lakini zina kasoro yake: moja kati ya zilizoenea sana, HFC-134a, huhifadhi joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Tiba ya maradhi ya kwanza ikawa imezaa maradhi ya pili.

Mahasimu katika meza moja

Mwezi Juni 2013, Rais Barack Obama wa Marekani na Rais Xi Jinping wa China walikutana Sunnylands, California, na kuafikiana kushirikiana kuzipunguza gesi hizo. Makubaliano hayo ya wakubwa wawili yalifungua njia, ila hayakutosha. India ilikuwa na hoja nzito: wananchi wake wengi, waishio katika joto kali, ndiyo kwanza wanaanza kumudu kiyoyozi. Kwa nini wao wabebe gharama sawa na waliokwisha kufaidi kwa miongo kadhaa?

Jibu lilipatikana Kigali alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya mazungumzo ya usiku kucha. Wajumbe wa karibu nchi 200 walikubaliana kuwa na ratiba tatu. Nchi tajiri zianze kupunguza mwaka 2019. China, nchi za Afrika na nyingi nyinginezo zinazoendelea zisimamishe ongezeko mwaka 2024. India, Pakistan, Iran, Iraq na nchi za Ghuba, Oman ikiwemo, zisimamishe mwaka 2028. Wataalamu walikadiria kuwa makubaliano hayo, yakitekelezwa kikamilifu, yataepusha hadi nusu nyuzi ya ongezeko la joto duniani ifikapo mwaka 2100.

Inafaa kukumbuka kuwa miezi mitatu tu kabla ya hapo, Marekani na China zilikuwa zikirushiana maneno makali kuhusu Bahari ya Kusini ya China. Uhasama huo haukwisha Kigali, uliwekwa kando. Kilichosaidia ni kwamba gesi mbadala zilikuwepo, kulikuwa na mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kugharamia mabadiliko, na itifaki yenyewe inaruhusu kuzibana kibiashara nchi zinazojitenga nayo.

Marekebisho ya Kigali yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. China na India ziliyaridhia mwaka 2021, na Baraza la Seneti la Marekani likayapitisha tarehe 21 Septemba 2022 kwa kura 69 dhidi ya 27.

Nini kimebadilika?

Australia ilianza kupunguza kiasi cha HFC kinachoruhusiwa kuingizwa nchini tarehe 1 Januari 2018, ikilenga kukipunguza kwa asilimia 85 ifikapo mwaka 2036. Fundi wa viyoyozi wa Campbelltown hana budi kuwa na leseni ya kushika gesi hizo, na haruhusiwi kuziachia hewani.

Afrika Mashariki bado ina kibarua kigumu zaidi. Vifaa chakavu kutoka ng'ambo huuzwa humo kwa bei nafuu, vikitumia umeme mwingi na gesi ambazo nchi tajiri zinaziacha. Baadhi ya gesi mbadala huwaka moto kwa urahisi, hivyo mafundi wanahitaji mafunzo. Na bara ambalo chanjo na samaki wake huharibika kwa kukosa ubaridi haliwezi kuambiwa liache kununua majokofu.

Kwa hiyo kipimo cha makubaliano ya Kigali hakitakuwa saini za wakubwa peke yake. Kitakuwa kama jokofu litakalofika Mwanza au Mombasa litakuwa salama na la bei inayolipika, kama lile la Campbelltown.