Picha ya Kiwanja

Tuseme unatafuta kiwanja Nyakato. Mtu anakuonyesha picha katika simu. Unaona kibanda, na nyuma yake tu malori yanapita katika barabara ya kwenda Musoma. "Hapa ni barabarani kabisa," anakuambia. Unakwenda kukitazama. Kutoka kibandani hadi barabarani unatembea mpaka jasho linakutoka.

Je, picha ile ilikuwa ya uongo? Kibanda ni kile kile, na barabara ni ile ile. Siri iko mahali aliposimama mpiga picha.

Fanya jaribio hili. Chukua ndoo mbili zilizo sawa. Weka moja hatua 2 mbele yako, na nyingine hatua 12. Fumba jicho moja, utazame. Ndoo ya mbali inaonekana ndogo sana. Urefu wake ni kama sehemu moja ya sita ya ile ya karibu. Sasa rudi nyuma hatua 48. Ndoo hazikusogezwa, lakini moja sasa iko hatua 50 kutoka kwako, na nyingine hatua 60. Zote zinaonekana ndogo, na karibu zinalingana. Utadhani zimewekwa pamoja.

Kamera nayo huona hivyo hivyo. Lenzi ndefu, kama ile ya milimita 200, huchukua sehemu ndogo ya mbele na kuikuza ijaze picha. Kwa hiyo mpiga picha anaweza kusimama mbali sana, na kibanda na barabara huonekana vimebanana. Lenzi fupi, kama ya milimita 28, huchukua eneo pana. Kibanda kikijaza picha, ujue mpigaji alisogea karibu. Hapo barabara huonekana mbali.

Watu wengi husema lenzi ndiyo inayosogeza vitu. Sivyo. Simama mahali pamoja, badilisha lenzi, au vuta picha katika simu: kibanda na lori vitakua pamoja kwa kiasi kile kile. Lazima uhame wewe.

Vyumba vya kupanga navyo hupigwa picha kwa lenzi fupi, mpigaji akiwa amejibana pembeni. Kitanda huonekana kama kiko ng'ambo ya uwanja!

Basi, kabla hujatoa nauli, mwombe mwenye kiwanja asimame mlangoni pa kibanda, apige picha ya barabara bila kuvuta. Lori likiwa dogo kama punje ya mahindi, umepata jibu.