Taipei na Shanghai: Masafa Yasiyopimwa kwa Rula

Sisi watu wa visiwani tumezoea kuilaumu bahari kila safari inapokuwa ndefu. Lakini iko miji miwili ya Asia ambayo habari zake zafaa kutazamwa na msafiri, na hasa na wale wakaao ofisini kuamua nani apite wapi.

Taipei, katika kisiwa cha Taiwan, na Shanghai, katika bara la China, hutenganishwa na kilomita 700 hivi. Ndege ya abiria huzimaliza kwa muda wa kama saa moja na nusu. Hata hivyo, kwa karibu miaka 60 hapakuwa na safari ya kawaida ya moja kwa moja baina yao. Mwaka 1949 serikali ya chama cha Kuomintang ilishindwa vita bara ikahamia kisiwani, na mawasiliano ya ndege na meli yakakatwa.

Mwezi Novemba 1987 Taiwan iliwaruhusu watu wake kwenda bara kuwaona jamaa zao. Wengi wa waliokwenda walikuwa askari wazee, waliotengana na wazazi wao kwa takriban miaka 40. Mzee wa namna hiyo akienda Shanghai alishuka kwanza kusini hadi Hong Kong, kilomita 800, akangojea ndege nyingine, ndipo akapanda kaskazini kilomita 1,200 na ushei. Kilomita 700 zikawa 2,000, na siku nzima ikapotea njiani. Bahari haikuwa na hatia yoyote katika jambo hilo.

Vizuizi viliondolewa kidogo kidogo, na kwa namna inayokaribia kuchekesha. Mwezi Januari 2003 ndege ya kukodi kutoka Taiwan ilitua kwanza Hong Kong, kisha ikaruka na abiria wale wale kwenda Shanghai. Mwaka 2005 ndege hazikulazimika tena kutua huko. Ilitosha kupita katika anga ya Hong Kong. Hata safari za mwisho wa juma zilizoanza Julai 2008 zilizunguka vivyo hivyo. Njia fupi ya kaskazini ilifunguliwa tarehe 15 Desemba 2008, baada ya mapatano yaliyotiwa sahihi Taipei mwezi uliotangulia. Zaidi ya saa moja ikapungua kwa siku moja, na ndege zilikuwa zile zile.

Mwaka 2010 likaongezwa jambo jingine la busara: ndege zikaruhusiwa kutumia viwanja vya Songshan na Hongqiao, vilivyo karibu zaidi na mitaa ya miji hiyo kuliko Taoyuan na Pudong. Safari ya abiria huanzia mlangoni kwake, si penye ngazi ya ndege.

Lakini lililofunguliwa kwa kalamu huweza kubanwa kwa kalamu. Januari 2018 serikali ya bara ilianza kuitumia njia ya anga ya M503 kuelekea kaskazini pasipo ridhaa ya Taiwan. Taiwan nayo ikazuia kibali cha safari 176 za nyongeza za sikukuu ya mwaka mpya, na mashirika mawili ya bara yakazifuta. Walioingia hasara ni wale waliotaka kufika nyumbani kabla ya karamu ya mkesha.