Msingi Ukipasuka, Lipu Siyo Dawa

Kujenga nyumba kwetu Shinyanga na Geita ni kazi ya miaka. Wengine huuza pamba, mpunga au ng'ombe; wengine huweka akiba ya machimboni. Ndiyo maana ufa ukitokea kwenye msingi, kishawishi ni kuuziba kwa saruji na kuendelea kupandisha tofali. Lakini kabla ya kuziba, tujiulize: ni nini kimeupasua?

Huenda ni ardhi. Shinyanga, miinuko mingi ina udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga. Huo mweusi huvimba wakati wa mvua, na kiangazi husinyaa na kupasuka. Msingi mfupi juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Geita kuna viwanja ambamo maduara ya zamani ya wachimbaji yamefukiwa kwa kifusi. Kifusi hushuka, na nyumba hushuka nacho.

Huenda ni zege lenyewe. Maji yakizidishwa ili lichanganyike kwa urahisi, yanapokauka huacha vitundu, na zege hudhoofika. Mchanga wenye udongo huzuia saruji isishike vizuri. Zege lisipomwagiliwa walau siku 7, jua hulikausha kabla halijakomaa.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusimamishe kazi. Tuweke alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za ufa. Ufa ukizivuka alama hizo, msingi bado unatembea, na kiraka chochote kitapasuka tena.

Zege linalomeguka kwa kukwaruzwa na msumari libomolewe sasa, kabla ukuta haujaongezeka uzito. Kama ni matundu ya juujuu tu, tuchonge hadi kwenye zege gumu, tusugue kutu ya nondo, tuoshe, tulowanishe, kisha tujaze mota nzito na kuimwagilia.

Maji ya paa na ya bafuni yaelekezwe mbali na ukuta. Kwenye udongo wa mbuga hatua hii peke yake husaidia sana.

Msingi mfupi unaweza kuongezewa kina kwa kuchimba chini yake na kumwaga zege jipya, lakini kwa usimamizi wa mhandisi. Hatuchimbi ukuta mzima kwa pamoja: ni vipande vya kama mita 1, visivyopakana, na kila kimoja kikomae kabla ya kugusa cha jirani. Anayeharakisha hapa anaweza kuangukiwa na ukuta. Penye dalili ya duara chini ya nyumba, watu wahame kwanza; mengine yafuate.

Katika Mathayo 7:24-27 nyumba mbili zilipigwa na mvua ileile, na msingi ndio uliozitofautisha. Kubomoa mita chache za zege kunauma, hasa fedha zikiwa za mavuno ya msimu mzima. Hata hivyo, hasara hiyo ni ndogo kuliko kulaza watoto chini ya ukuta tunaojua kwamba unatembea.