Klarineti Inapotoa Sauti Usiyoitaka

Mpiga klarineti anapuliza vizuri, watu wametulia, mara inatoka sauti ya ajabu: "kwii!" Watu wanacheka. Yeye anaona haya, na akifika nyumbani anashika bisibisi. Hapo ndipo anapoharibu.

Nasema hivi kwa kuwa yalinipata. Katika bendi yetu, kila nikipuliza noti moja ya chini palisikika "zzz" kama nyuki ndani ya kopo. Nikaambiwa klarineti imepasuka. Nikafungua, nikachokonoa, nikaharibu padi mbili, yaani vile vimto laini vinavyoziba matundu. Padi zile ziliniondolea kuku wawili! Siku moja nikapuliza peke yangu chini ya mwembe. Sauti safi kabisa. Kumbe ni nyaya za chini ya ngoma ndogo. Noti ile ikilia karibu yake, nyaya zinatetemeka zenyewe.

Basi kwanza sogea mbali na ngoma, mabati na madirisha. Kama sauti mbaya bado ipo, jiulize: inatoka katika noti zote, au moja tu?

Ikiwa ni zote, anzia mdomoni. Pale hufungwa utete, kipande chembamba cha mwanzi, nao ndio unaotetemeka. Utete uliopasuka ncha, uliokauka au uliofungwa upande hupiga kelele. Weka mwingine, uunyooshe, ujaribu. Usibadilishe vitu viwili kwa mara moja, hutajua dawa ilikuwa ipi. Ukisikia "sss", huenda pumzi inavuja pembeni mwa midomo yako mwenyewe.

Ikiwa ni noti moja, angalia tundu lake. Sauti inayobwabwaja kama uji unaochemka ni maji. Pumzi yetu ina unyevu, nao hugeuka maji ndani ya bomba na kuingia matunduni. Weka karatasi ya sigara chini ya padi, bonyeza taratibu, achia, kisha toa. Karatasi itanyonya maji. Lakini ile "kwii!" mara nyingi ni kidole ambacho hakikuziba tundu sawasawa, au ubavu wa kidole cha shahada cha kulia umegusa kibonyezo cha pembeni.

Kwa mlio wa "zzz" mwite mwenzako. Wewe shikilia noti, yeye aguse skrubu, pete na vibonyezo kimoja kimoja. Akigusa mahali mlio ukakoma, mwizi mmemkamata. Pengine ni skrubu iliyolegea tu.

Kujua kama padi zinavuja, chukua kipande cha juu peke yake. Ziba matundu kwa vidole na mwisho wa chini kwa kiganja, halafu fyonza hewa. Ukiondoa mdomo polepole, kipande kizima kinatoa "pop!" ndogo. Kisipotoa, mahali fulani panavuja.

La kuogopa hasa ni ufa. Klarineti nzuri nyingi huchongwa kwa mpingo, mti huu huu wa Kilwa na Nachingwea, ambao viwanda vya Ufaransa na Ujerumani huununua kutoka Tanzania na Msumbiji. Ni mgumu, na mzito hata majini unazama, lakini nao hupasuka. Ndani unalowa kwa pumzi na kuvimba, nje umekauka, basi unaachana. Tazama kipande cha juu penye mwanga: ufa huwa kama unywele. Ndiyo maana baada ya kupuliza hupitishwa kitambaa ndani, na klarineti mpya hupulizwa dakika chache tu kwa siku katika wiki za mwanzo. Usiiache juani. Za plastiki hazina taabu hiyo.

Ukiona ufa, usimimine gundi. Acha kupuliza, peleka kwa fundi, na umtajie noti iliyokuwa ikilia vibaya, ili asifungue vibonyezo vyote na kukulipisha kazi yote hiyo.